Picha Kabla ya Mionzi

Magazeti ya Kiganda huiita mashine ya tiba ya mionzi "ekyuma ekikalirira kookolo", chuma kinachokaranga saratani, kama karanga kwenye kikaango kikavu. Jina hilo limevuka Nile pale Jinja, likapanda hadi Mbale, na kwa sababu yake wagonjwa wengi huingia chumbani wakingojea joto. Joto hawalioni. Wanachokutana nacho kila siku, bila mtu kuwaonya, ni picha. Mama mmoja wa Mbale, rika la mama yangu, alivumilia siku nne, ya tano akaniuliza: "Mwanangu, juzi mmenipiga picha, jana mmenipiga. Mnadhani imehama usiku?"

Nilimjibu kwamba saratani yenyewe iko pale pale. Wanaohamahama ni majirani zake. Saratani ya mlango wa kizazi, kama yake, imebanwa kati ya kibofu mbele na utumbo wa choo nyuma. Kibofu kikijaa mkojo, mfuko wa uzazi husukumwa. Choo kikikaa siku mbili, husukumwa upande mwingine. Tofauti ya jana na leo inaweza kufika sentimita nzima au zaidi, na alama za wino tulizomchora kwenye ngozi haziwezi kutuambia kitu kuhusu yanayotokea ndani.

Zamani tulitegemea wino huo. Mashine ya kobalti iliyoletwa hospitali ya Mulago, Kampala, kutoka China mwaka 1995 ilifanya kazi hadi 2016 ilipokufa kabisa, Uganda ikabaki bila tiba ya mionzi ya nje na wagonjwa wengine wakapelekwa Nairobi. Mwanzoni mwa 2018 ikazinduliwa Bhabhatron iliyotengenezwa India, nayo ni ya kobalti. Baadaye zikaja linaki, mashine zinazotengeneza mionzi yake kwa umeme. Linaki ya kisasa ina mkono wa eksirei ubavuni. Mgonjwa akiwa amelala kitandani, mkono huo humzunguka kwa dakika moja hivi, kompyuta ikajenga sura ya nyonga yake vipande vipande. Tunaiweka juu ya picha tuliyopangia matibabu, tunasogeza kitanda milimita chache, ndipo tunafungua mionzi ya tiba.

Picha hizo zina gharama yake mwilini. Picha moja ya nyonga huacha kiasi cha miligrei 20, kutegemea mashine na namna ilivyowekwa. Grei ni kipimo cha nishati ya mionzi iliyomezwa na mwili, na miligrei ni sehemu yake ya elfu. Tiba yenyewe kwa siku ni grei 2, yaani miligrei 2,000. Kwa siku 25, tiba inafika grei 50 na picha zinafika nusu grei. Asilimia moja.

Wengi wetu kwenye taaluma hii tungefunga daftari hapo, nami nilikuwa mmoja wao. Lakini hiyo asilimia moja ina ujanja. Grei 50 zimelengwa kwenye uvimbe, wakati nusu grei ya picha imemwagwa nyonga nzima, pamoja na sehemu ambazo mpango wa tiba ulijitahidi kuzikwepa. Tena eksirei ya picha ina nguvu ndogo kuliko mionzi ya tiba, na kwa nguvu hiyo kalsiamu ya mfupa huinasa vizuri. Mfupa humeza mara mbili hadi nne ya nyama iliyo kando yake. Kwa hiyo mfupa wa nyonga unaweza kumaliza matibabu ukiwa umebeba grei moja au zaidi kutokana na picha peke yake.

Je, inaweza kuleta saratani nyingine? Hapo tunabadili kipimo, tunatumia siveti, inayokadiria madhara kwa mwili mzima. Tuchukue kwamba kila picha ni milisiveti 4. Picha 25 zinakuwa 100. Binadamu wa kawaida duniani hupata wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye udongo, miamba, hewa na anga, basi hiyo ni hesabu ya miaka arobaini na ushee. Kwa makadirio yanayotumika kimataifa, milisiveti 100 humwongezea mtu nafasi kama moja kati ya mia mbili ya kufa kwa saratani itakayotokea miaka mingi mbele. Kwa mama wa miaka sitini, nafasi hiyo ni ndogo zaidi. Aliyonayo leo haitamngoja.

Sasa tuangalie upande wa pili wa mizani. Asiye na picha analazimika kulenga kwa upana, ili uvimbe ukisogea usitoke nje ya mionzi. Chukua uvimbe wa duara wenye upana wa sentimita 6, sawa na chungwa dogo. Ukiuzungushia ukingo wa sentimita moja na nusu, umefunika pia mililita 269 za nyama nzima isiyo na ugonjwa. Picha ikikuruhusu kupunguza ukingo hadi milimita 7, nyama hiyo inashuka hadi mililita 99. Tofauti inakaribia kujaza kikombe cha chai: nyama ya kibofu na utumbo iliyonusurika grei 50, ikalipiwa kwa nusu grei. Biashara ya namna hii ningeifanya kila siku.

Ila si kwa kila mgonjwa. Mzee anayetibiwa uti wa mgongo kwa sababu ya maumivu, mfupa wenyewe ndio alama yetu, na picha mbili bapa, moja kutoka mbele na moja kutoka ubavuni, zenye miligrei chache tu, zinatosha. Mtoto naye hapaswi kupigwa picha kwa mipangilio ya mtu mzima. Mwili mdogo hauna nyama nene ya kuizuia eksirei, kwa hiyo mipangilio ile ile humpa dozi kubwa zaidi, na ana miaka sitini mbele yake ya kuingojea ile moja kati ya mia mbili. Kinachonikera ni kwamba mashine nyingi huja na mipangilio ya kiwandani iliyokusudiwa kutoa picha ya kupendeza, na mtu akishazoea picha ya kupendeza hataki kuiacha. Sisi hatuuzi picha. Ikionyesha mpaka wa kibofu imetosha, hata ikiwa na chengachenga. Wafizikia tiba wa Marekani, katika ripoti yao ya 2018, walishauri kwamba dozi ya picha ikitarajiwa kupita asilimia 5 ya dozi ya tiba, iingizwe kwenye hesabu ya mpango. Nakubali, lakini asilimia 5 isigeuzwe kibali cha kujiachia.

Wagonjwa wa mashariki mwa Uganda wana lalamiko jingine, na ni la haki: mtu amepigwa siti-skani hospitali ya kwao, akifika Kampala anapigwa tena. Mara nyingi sababu ipo. Kitanda cha siti ya kawaida kimebonyea kama mtumbwi. Cha tiba ni bapa kama meza, na mwili uliolala kwenye mtumbwi haufanani na uliolala mezani. Siti ya kupanga tiba haina budi kurudiwa. Kinachorudiwa bila sababu ni siti ya uchunguzi, kwa kuwa diski ilisahauliwa nyumbani au kilichobebwa ni karatasi ya majibu tu. Siti hiyo ya tumbo na nyonga ni kama milisiveti 10. Diski isafiri na mgonjwa.

Lakini dozi iliyo rahisi kuliko zote kuiokoa imo kwenye chupa ya maji. Tunataka kibofu kijae kwa kiasi kile kile kila siku. Picha ikionyesha kimenywea, mgonjwa anashuka kitandani, anakunywa, anangoja, anapigwa nyingine. Miligrei 20 zimekuwa 40. Wa Mbale, kwa kuwa njia ni ndefu mno, hupanga chumba au kulala kwa ndugu Kampala, na maji yao hayatusumbui. Wanaosumbuka ni wa Jinja, maana kilomita themanini humshawishi mtu aende na kurudi. Dada mmoja alikuwa akimaliza nusu lita takisi ikipita Mukono. Barabara ikiwa nyeupe, alifika sawasawa. Foleni ikishika kuanzia Bweyogerere, alikimbilia chooni kabla ya kujiandikisha, tukaanza upya. Kwa wiki mbili za kwanza tulimpiga picha mbili mara tano. Siku hizi hukojoa akifika, hunywa nusu lita akiwa kwenye benchi letu, na muuguzi humwandikia saa kwenye kiganja kwa kalamu.