Kutoka Masako mpaka baharini na gari la kulala ndani: inawezekana?



Siku hizi kwenye simu zetu tunaona wazungu wawili, bwana na bibi, wako na gari moja lenye kitanda, jiko na maji ndani. Leo wanaamka kando ya bahari ya Australia, wiki ijayo wako katikati ya nchi kavu, mahali ambapo unaendesha kutwa nzima bila kuona nyumba. Wengi wetu tunasema: hiyo ni ya watu wa pesa. Wengine, sana sana wale wanaojitayarisha kufunga ndoa, wanauliza: na sisi wa Kisangani, tungeweza? Swali hilo ni la kweli, tulijibu kama watu waliosoma.

Jibu kwa kifupi: gari si tatizo la kwanza. Safari kama hii inashikwa na barabara, na barabara yetu inakatika mahali panapojulikana. Anayepajua anaweza kupanga. Asiyepajua, hata ukimpa gari la dola elfu hamsini, atalala njiani.

1. GARI

Gunther Holtorf, Mjerumani, pamoja na Christine wake, walizunguka dunia miaka mingi kuanzia 1990 ndani ya Mercedes moja ya mazutu waliyoiita Otto. Christine alifariki mwaka 2010, mzee akaendelea mpaka 2014. Gari lilifikisha karibu kilomita 900,000, na leo limewekwa katika makumbusho ya Mercedes kule Stuttgart. Walilala ndani juu ya godoro, walipika wenyewe, na hoteli hawakuitafuta. Bwana alibeba pyesi zake na kutengeneza mwenyewe.

Somo liko hapo. Gari la safari ndefu ni lile unaloweza kulitengeneza na funguo zako, na ambalo fundi wa Mambasa au wa Kasese ameshalifungua mara nyingi. Linatakiwa liwe na tumbo la juu. Kitanda ni mbao na godoro, seremala yeyote wa hapa anakitengeneza.

2. NJIA YETU

Australia wako na pwani na nchi kavu. Sisi tuko na msitu na Bahari ya Hindi, na kati yao kuna njia moja: barabara ya taifa namba 4. Kisangani, Bafwasende, Nia-Nia, Epulu, Mambasa, Komanda, Beni, Kasindi. Pale unavuka mpaka na kuingia Mpondwe, Uganda, halafu Kasese, Kampala, Nairobi, Mombasa. Ni karibu kilomita 2,400. Kama gari linakunywa lita 15 kwa kilomita 100, hiyo ni lita 360 za kwenda tu, na kwenye matope linakunywa zaidi. Kila mmoja apige hesabu kwa bei ya mafuta ya mtaa wake.

Njia hiyo si mpya kwa wasafiri. Epulu, karibu na daraja, Mmarekani Patrick Putnam alijenga kambi miaka ya 1930, na wageni waliopita na magari walilala pale. Miaka ya 1940 alikuja na mchoraji Anne Eisner, wakaishi pale pamoja mpaka Putnam alipofariki mwaka 1953. Leo Epulu iko ndani ya hifadhi ya okapi iliyoundwa mwaka 1992, na tangu 1996 ni urithi wa dunia wa UNESCO.

3. INAKATIKA WAPI?

Kwanza, mvua. Kwetu hakuna kiangazi kirefu kama cha Lubumbashi. Mvua inapungua Januari na Februari, halafu kidogo tena Juni na Julai. Udongo ukilowa, kamyo nzito inachimba mifereji miwili kwa magurudumu yake. Ya pili inaongeza, ya tatu inazama. Gari dogo likifuata linakaa juu ya tumbo lake, na magurudumu yanazunguka bule. Njo maana kuna barieri za mvua: kamyo inasimamishwa masaa kadhaa mpaka udongo ukauke. Ukikuta barieri imefungwa usikasirike, inailinda njia yako wewe. Basi beba chakula na maji ya siku tatu zaidi. Watu wawili, lita 5 kila mmoja kwa siku, ni lita 30.

Pili, usalama. Hapa tusidanganyane. Mwaka 2012 wenye silaha walivamia Epulu, wakaua watu, na okapi wote 14 waliofugwa pale walikufa. Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na ADF wameua raia wengi kwenye njia ya Komanda–Beni na ile ya Beni–Kasindi. Wafanyabiashara wanapita kwa sababu wanatafuta mkate wa watoto. Mtu anayetafuta raha hana sababu ya kumpeleka mchumba wake pale wakati njia haijatulia. Hakuna picha inayolipa hiyo.

Tatu, mpaka. Pasipoti, karti ya homa ya manjano, perimi, karti roze ya gari kwa jina lako (au barua ya mwenye gari), na asiransi. Tafuta asiransi yenye kadi ya njano ya COMESA, maana ile ya Kongo peke yake inaishia Kasindi. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini kuingia jumuiya hakukufuta karatasi zote. Uliza masharti ya mwezi huo huo, si ya mwaka jana.

Tena kuna jambo ambalo wengi wanalisahau: sisi tunaendesha upande wa kuume, Uganda na Kenya wanaendesha kushoto. Usukani wako uko kushoto, kwa hiyo ukiwa nyuma ya lori huoni mbele. Anayeona ni mwenzako aliyekaa upande wa pili. Yeye njo macho yako. Akisema "bado", ni bado.

4. WAWILI NDANI YA SANDUKU MOJA

Hapo tunafika kwenye jambo lenyewe. Gari la kulala ndani halina chumba cha kukasirikia. Kabla ya kuondoka, mpatane mambo matatu. Pesa: mfuko mmoja, na nusu ya pesa ya kurudi haiguswi. Kazi: anayeendesha mchana hapiki usiku. Kurudi: mmoja wenu akisema "turudi", mnarudi, bila mahakama. Kanuni hii ya tatu inaokoa maisha, na inaokoa ndoa pia. Wanaume wengi wanaona aibu kugeuza gari. Aibu ya kugeuza inapita kwa siku moja.

5. ANZENI MASAKO

Basi, tufanye nini? Kateni safari vipande. Kipande cha kwanza kiko hapa: Masako, karibu kilomita 14 kutoka mjini kwa barabara ya zamani ya Buta, ndani ya kona ya mto Tshopo. Wengi wenu mmefika na toleka au moto kwa kazi ya memwari, maana hifadhi ile ni uwanja wa utafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani. Ombeni ruhusa kwa fakilte ya sayansi, msalimie chifu wa kijiji, mlale usiku mmoja ndani ya gari.

Usiku huo utawafundisha kuliko video mia. Mtaona jinsi pumzi ya watu wawili inavyolowesha vioo, jinsi mbu wanavyoingia mkifungua dirisha, na jinsi joto linavyowapiga mkifunga. Tengenezeni chandarua cha dirisha. Na kitu kimoja msijaribu kamwe: kuwasha makala au jiko ndani ya gari lililofungwa. Makala yanatoa gesi isiyo na harufu, inaua mtu akiwa usingizini.

Kipande cha pili ni Bafwasende, kama kilomita 260, wakati mvua imepungua na madereva waliotoka huko juzi wamesema njia ni salama. Kipande cha pwani kinaweza kungoja mwaka mwingine, hata kwa gari la kukodi kule Kenya: Mombasa, Diani, Malindi. Kule ukisema "baki" ya kuvukia maji watakuangalia tu, sema "feri".

Siku njia ya Beni itakapotulia, vipande vitaungana. Na watakaopita wa kwanza wawe watu waliokwisha kuijua njia yao tangu Masako.

Wale mliosafiri na kamyo mpaka Nia-Nia au Mambasa, ongezeni hapa chini mnayoyajua. Elimu ya barabara haiko katika vitabu vyetu, iko kwenu.