Mashimo ya Migombani na Wazee Walioyafumbua

Mwezi huu ukurasa wa shule unazungumza juu ya mashimo. Siyo yale tunayochimba kwa ajili ya vyoo, hapana. Ni mashimo ya zamani sana yaliyofunikwa na mashamba ya migomba huko Buhaya, mkoa wa Kagera, Tanzania. Wazazi wengine wanaukumbuka mkoa huo, maana waliupitia mwaka 1994.

Mkulima wa kule akilima, mara nyingine jembe linagonga kitu cheusi, kizito, chenye vitundu vitundu. Ni mavi ya chuma, yaani uchafu unaobaki mawe yakishachomwa ili kutoa chuma. Analitupa pembeni, anaendelea na kazi yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 alifika huko mtafiti Mmarekani, Peter Schmidt. Hakuanza na jembe. Alianza kwa kukaa na wazee na kusikiliza. Wazee wakamwambia habari za Katuruka, mahali penye mti mkubwa uitwao Kaiija, maana yake mahali pa kufulia chuma. Walisema mfalme Rugomora Mahe aliamuru ujengwe mnara wa chuma wa kufika mbinguni, na mnara ukaanguka. Mtu anaweza kusema hizo ni hadithi tu za jioni. Lakini walipochimba hapo walikuta kweli masalio ya kazi ya chuma, tena ya zaidi ya miaka 2,000, wakati mfalme huyo alitawala karne ya 17. Kumbe kumbukumbu ya mahali ilikuwa ya zamani kuliko mfalme mwenyewe!

Uchimbaji wenyewe unataka subira. Wanapima kipande cha shamba kwa kamba, wanakwangua udongo kidogo kidogo kwa mwiko kama wa fundi mwashi, na udongo unapita kwenye chekeche. Shimo la kale linajulikana kwa rangi: udongo wa pembeni ni mwekundu, ndani ni mweusi wa makaa. Hayo makaa wanayatunza vizuri, kwa sababu ndiyo yanayopelekwa maabara kupima umri.

Baadaye, karibu na ghuba ya Kemondo, yalipatikana mashimo mengine ya matanuru. Ndani yake kulikuwa na mavi ya chuma yenye alama za matete. Sasa matete yanatafuta nini ndani ya tanuru la chuma?

Jibu lilikuwa kwa wazee. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliokuwa wameyeyusha chuma ujanani walikubali kufanya kazi hiyo tena. Ilikuwa imepita miaka 50 na zaidi, tangu vyuma vya bei rahisi vya Ulaya vilipoua kazi yao. Walichimba shimo, wakalipaka udongo wa kichuguu, wakalijaza matete ya kinamasi waliyokwisha kuyachoma yakawa meusi. Juu wakajenga tanuru, wakaingiza mirija ya udongo, wakavuta mivukuto. Walijaribu zaidi ya mara moja mpaka wakapata chuma. Uchafu ulioyeyuka ulidondokea kwenye matete, ukashika alama zake, kama kwenye yale mashimo ya kale.

Habari hiyo ilitoka mwaka 1978 katika jarida la Science la Marekani. Schmidt na mwenzake Donald Avery walisema mirija ilipasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa. Wataalamu wengine walibisha, na ubishi ulidumu miaka mingi. Lakini kwamba wazee walijua kazi, hakuna aliyebisha.

Na siyo Buhaya peke yake. Matanuru ya namna hiyo yamechimbwa Burundi na Rwanda pia, na vyungu vya watu wa wakati huo vimepatikana hata Kivu. Kwa hiyo mtoto akiambiwa eti babu zake walingoja Mzungu alete jembe, ajue anadanganywa.

Jambo la kusikitisha ni kwamba Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walikotangazwa, mwaka 1983. Ugonjwa uliua watu wengi sana, wakiwemo watunzaji wa habari za kale, na vijana wakabaki hawana wa kumwuliza. Kazi ya wazee wa Kihaya imebaki katika filamu iitwayo The Tree of Iron. Katika miaka ya 2000 wanakijiji wa Katuruka wenyewe walianza kuwahoji wazee waliobaki, wanaume kwa wanawake, na kupatengeneza mahali pale.

Wanafunzi wa darasa la sita wataleta nyumbani swali moja wiki ijayo: mivukuto, mavi ya chuma na tanuru vinaitwaje katika lugha ya kwenu, na nani katika ukoo alifua chuma? Bibi au babu aseme polepole, mtoto aandike.