Hofu ya Macho ya Watu katika Nyumba ya Mazoezi

Katika miji yetu ya Kongo, kutoka Lubumbashi mpaka Kisangani, nyumba za mazoezi ya mwili si jambo geni tena. Nyingine zina mashine zilizotoka ng'ambo na kioo kikubwa ukutani. Nyingine ni ua tu wenye paa la mabati, na vyuma vya kuinua vimeundwa na fundi wa mtaa kwa vipuri vya gari na makopo yaliyojazwa simenti. Mbele ya milango hiyo hupita kila siku watu wazima ambao daktari amekwisha kuwaambia wautikise mwili. Wanachungulia ndani, wanasikia vyuma vikigongana, kisha wanaendelea na njia yao. Si uvivu unaowapitisha, wala si ukosefu wa fedha peke yake. Ni hofu.

Tumeona yafaa kuzungumza habari ya hofu hiyo, wasomaji wapenzi, kwa sababu inawapata baba na mama wa jamaa, na kwa sababu wenye kuipata huificha. Nanyi mwajua neno la wahenga: Mficha uchi hazai.

Hofu ya namna gani?

Tuchukue mfano wa baba mmoja, karani wa ofisi, mwenye umri wa miaka 45. Asubuhi anakaa ndani ya basi, mchana anakaa kitini, jioni anakaa barazani. Amepimwa, na damu yake imeonekana ina shinikizo kubwa. Basi anakusudia kuanza mazoezi siku ya Jumatatu. Jumatatu inapofika, mawazo yanamjia kama nyuki: "Nitavaa nini? Tumbo hili nitalificha wapi mbele ya vijana wale? Nikishindwa na chuma ambacho mtoto wa shule anakiinua kwa mkono mmoja, je, kesho ataniheshimu nikimkemea njiani?" Anaahirisha mpaka wiki ijayo, na wiki ijayo haifiki.

Mkewe naye ana mashaka yake. Wanaume watamkodolea macho. Majirani watasema ameacha kazi za nyumba. Tena akipungua kilo chache, wataulizana kwa siri ana ugonjwa gani. Maana kwetu wengi wangali wakihesabu unene kuwa alama ya kula vizuri, na wembamba kuwa alama ya maradhi au ya dhiki.

Mtu asidhani kwamba hayo ni upumbavu, wala kwamba ni yetu sisi peke yetu. Mwaka 1989 wataalamu watatu wa Marekani, Hart, Leary na Rejeski, walitangaza maswali 12 waliyoyatunga ili kupima hofu hiyo hasa: hofu ya mtu anayedhani kwamba wenzake wanaupima mwili wake kwa macho. Ikiwa wenye elimu waliona lazima kuitungia kipimo, ni dhahiri kwamba wenye kuisikia ni wengi.

Lakini hofu hiyo ina hila yake, nayo yatupasa kuijua. Mtu anaporudi kutoka mlangoni, moyo wake hutulia papo hapo. Raha ile ndiyo chambo. Inamfundisha kwamba kukimbia ni dawa, na siku ya pili atakimbia upesi zaidi. Hofu ya namna hii hukua kwa kutiiwa, na hudhoofika kwa kukaribiwa pole pole.

Macho ni machache kuliko tunavyodhani

Je, ni kweli kwamba watu wote hututazama? Mwaka 2000 Thomas Gilovich, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, pamoja na wenzake wawili, walitangaza habari ya jaribio ambalo lafaa lisimuliwe hapa. Walimvika mwanafunzi fulana yenye picha kubwa ya Barry Manilow, mwimbaji ambaye vijana wale waliona haya kumvaa kifuani. Kisha wakamwingiza katika chumba ambamo wanafunzi wenzake walikuwa wameketi. Alipotoka wakamwuliza: "Unadhani ni wangapi walioitambua picha ile?" Waliojaribiwa hivyo walikisia, kwa wastani, kwamba karibu nusu ya waliokuwamo waliitambua. Kumbe walioitambua kweli walikuwa karibu robo tu.

Tazameni basi: aibu huzidisha hesabu ya macho mara mbili. Na sababu yake si ngumu kuelewa. Kila mtu anaishi ndani ya mwili wake mwenyewe, analijua tumbo lake na jasho lake, akadhani kwamba lililo kubwa kwake ni kubwa kwa wote. Yule kijana mwenye misuli anayetutisha yuko katika hali ile ile. Anahesabu pumzi zake, anajitazama mwenyewe kiooni, na pengine anaogopa aliye na nguvu kumpita.

Kwa nini tunavurugika mbele ya watu?

Mtasema: "Hata kama wanaotazama ni wawili tu, mikono yangu yatetemeka." Hilo nalo lina maelezo. Mwaka 1965 mtaalamu Robert Zajonc alionyesha kanuni moja: kuwapo kwa watu wengine humsaidia mtu katika kazi aliyoizoea, na humvuruga katika kazi ambayo bado anajifunza. Mwaka 1969 yeye na wenzake waliijaribu kanuni hiyo hata kwa mende! Mende walipowekewa njia iliyonyooka, walikimbia upesi zaidi mbele ya mende wenzao. Walipowekewa njia yenye kona, ambayo ilihitaji kutafutwa, walichelewa zaidi mbele ya watazamaji kuliko walipokuwa peke yao.

Kama mdudu hupata mashaka hayo, mwanadamu naye asijilaumu. Bali apate fundisho: jambo jipya lijifunzwe mahali pa utulivu kwanza, kisha lipelekwe penye watu. Mwalimu mwenye busara hamsimamishi mtoto mbele ya darasa zima kusoma ukurasa ambao hajaupitia.

Njia ya kuingia

Kwanza, mwenye ugonjwa wa sukari, wa moyo au wa shinikizo la damu, na mama mwenye mimba, waongee na daktari kabla ya kuanza. Hilo si la kuwatisha. Ni la kuwaonyesha kipimo kinachowafaa.

Pili, siku ya kwanza nenda kuona tu. Mwulize msimamizi bei, saa za kufungua, mahali pa kubadilisha nguo, na saa ambazo watu ni wachache. Uliza pia kama kuna saa za wanawake. Kisha rudi nyumbani. Kazi ya siku hiyo imekwisha, na mlango umekwisha kuwa mlango unaoujua.

Tatu, usiende peke yako. Mume na mke wakiweza kwenda pamoja, ni vizuri sana, na maneno ya majirani yatapungua nguvu. Kama haiwezekani, tafuta mwenzi wa kazini au jirani wa umri wako. Ahadi uliyompa mtu ni ngumu kuivunja kuliko ahadi uliyojipa mwenyewe.

Nne, jifunze mambo machache: kuchuchumaa na kuinuka, kusukuma, kuvuta, na kutembea kwa haraka. Mengi ya hayo yaweza kujaribiwa nyumbani, mlango ukiwa umefungwa. Ukifika mazoezini, anza na chuma chepesi na umwombe mwalimu akusahihishe. Kuuliza si ujinga. Ama nguo, zinatosha zile pana, safi, zisizokuzuia kupiga hatua.

Tano, ujue yatakayokupata. Siku moja au mbili baada ya zoezi la kwanza misuli itauma. Ni desturi yake, nayo itapona. Lakini maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida ni amri ya kuacha mara moja na kutafuta daktari. Tena, moyo utapiga mbio na jasho litatoka, kama vile mtu anapoogopa. Usidanganyike. Hapo moyo unafanya kazi tu, na mwenye kuyazoea mapigo hayo mazoezini huacha kuyaogopa hata mahali pengine.

Tena utaona nguvu zikiongezeka katika wiki za kwanza, ingawa mkono haujanenepa. Nguvu hiyo ya kwanza hutoka zaidi katika mishipa ya fahamu, ambayo inajifunza kuiamuru misuli vizuri. Haba na haba hujaza kibaba.

Kibaba chenyewe si kikubwa mno. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate kila wiki dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa nguvu ya kadiri, na mazoezi ya kutia misuli nguvu siku 2 au zaidi. Ni nusu saa kwa siku 5. Shirika hilo lilitangaza mwaka 2024 kwamba katika mwaka 2022 karibu watu wazima 31 kwa kila 100 duniani hawakutimiza kipimo hicho, na wanawake walizidi wanaume. Hasara yake twaijua: magonjwa ya moyo, kiharusi, ugonjwa wa sukari, na nyuma ya kila mgonjwa kuna watoto wanaongoja karo ya shule.

Neno kwa waliotangulia

Ninyi mliokwisha zoea mahali hapo, sehemu ya dawa iko mikononi mwenu. Mgeni akikosea, msicheke. Mwonyesheni kwa sauti ya chini. Msimpige picha kwa simu zenu na kuitawanya, kwa maana picha moja ya dhihaka yaweza kumrudisha mzazi nyumbani hata milele. Nanyi waalimu wa mazoezi, msimpe mtu wa miaka 50 zoezi la kijana wa 20 ili kumpima ushupavu.

Jirani zetu wa Kigali walianza mwaka 2016 desturi ya kufunga barabara kadhaa kwa magari katika siku fulani za Jumapili, ili watu watembee, wakimbie na kujinyoosha pamoja: wazee, mama na watoto, wanene kwa wembamba. Mahali ambapo wote wanatoka jasho, jasho la mtu mmoja si kioja. Hata kundi la watu sita wa mtaa mmoja, wakitembea kwa haraka alfajiri, wanapata faida hiyo hiyo, na kwa wengi huo ndio mlango mwepesi wa kwanza kabla ya ule wa nyumba ya mazoezi.

Basi, baba, na wewe mama, msingoje siku ambayo hofu itakuwa imekwisha kabisa. Siku hiyo haiji kabla ya kuanza. Huja baadaye, pengine katika wiki ya nne au ya sita, bila kupiga hodi. Wiki hii kamilisheni jambo moja tu: nendeni mkaulize saa ambazo watu ni wachache.