Pamba Ile Ile, Filamu Mbili

Pamba ikisha kuchambuliwa kwa mashine, mbegu zake hubaki na manyoya mafupi yasiyofaa kusokotwa uzi. Mtu aweza kuyadhani takataka. Lakini manyoya hayo ni selulosi karibu tupu, kitu kile kile kiupacho mti nguvu ya kusimama, na wenye viwanda huyanunua.

Mwaka 1846 Christian Schönbein, mwalimu wa kemia huko Basel, Uswisi, alitangaza kwamba pamba ikitiwa katika asidi ya naitriki na ya salfuri hugeuka baruti. Kwa macho ni pamba tu. Iguse kwa moto, hutoweka mara moja. Baadaye watu waliipunguza ukali, wakaichanganya na kafuri, ikawa seluloidi ya kufanyia vitana na vikuku, na tangu 1889 utepe wa filamu. Lakini hatari haikuondoka. Seluloidi ina oksijeni yake ndani, hivyo hata ikitoswa majini huendelea kuwaka. Mwaka 1929 picha za eksirei za namna hiyo ziliungua katika hospitali moja mjini Cleveland, Marekani, wakafa watu zaidi ya 120, wengi wao kwa moshi wake wenye sumu.

Dawa ilikuwa kubadili asidi. Selulosi ikitengenezwa kwa asidi ya siki badala ya ile ya naitriki, hupatikana asetati. Nayo huwaka, ila polepole. Henri na Camille Dreyfus, ndugu wawili wa Basel, waliitengeneza kwa wingi, na katika Vita Kuu ya 1914–1918 Serikali ya Uingereza iliwaita wajenge kiwanda Spondon, karibu na Derby. Huko iliyeyushwa ikapakwa juu ya kitani cha mabawa ya eropleni, kikakazika kama ngozi ya ngoma. Vita vilipokwisha kiwanda kikageukia nyuzi za kung'aa mfano wa hariri. Siku hizi asetati hufanya fremu za miwani, mipini ya bisibisi na vichujio vya sigara.

Filamu za asetati nazo zina ila yake. Zikiwekwa penye joto na unyevu huanza kunuka siki, kisha hunywea na kujikunja. Karani atunzaye filamu za zamani akisikia harufu hiyo na azitenge upesi, maana mvuke wake huziharibu zilizo jirani. Nazo nzima aziweke pakavu penye baridi.