Maradhi ya Meno kwa Paka: Dalili, Tiba na Haki za Mlaji

Katika kata ya Mahongole, Makambako, kama ilivyo kwingineko mkoani Njombe, kaya nyingi huhifadhi mahindi nyumbani baada ya mavuno, na paka ndiye mlinzi dhidi ya panya. Paka anapoacha kuwinda, wengi hudhani amezeeka au anadeka, kumbe huenda kinywa kinamuuma. Mnyama huyu huficha maumivu. Ni wajibu wa mwenyewe kumchunguza.

Chanzo

Paka mzima ana meno 30. Vijidudu na mabaki ya chakula hufanya utando juu ya meno, nao ukiachwa hugeuka ukoga mgumu wa njano au kahawia. Fizi huvimba na kutoa damu, kisha mfupa unaoshika jino huliwa hadi jino likalegea. Maradhi mengine humomonyoa jino lenyewe, karibu na ufizi.

Dalili

Angalia yafuatayo:
- kinywa kunuka vibaya;
- kutokwa mate, pengine yenye damu;
- kutafuna upande mmoja au kuangusha chakula;
- kujikuna mdomo kwa mguu;
- kukonda na kuacha kujilamba manyoya.

Tahadhari: mate mengi yakiambatana na ukali usio wa kawaida, kuyumba au kupooza, yaweza kuwa dalili ya kichaa cha mbwa. Usimshike wala kumfungua kinywa. Mwarifu afisa mifugo mara moja. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila kuchelewa.

Usimpe dawa za binadamu

Kidonge kimoja cha parasetamoli chatosha kumuua paka, kwa kuwa mwili wake hauwezi kuivunja dawa hiyo. Aspirini na diklofenaki nazo ni hatari kwake.

Tiba

Daktari humlaza paka kwa dawa ya usingizi, huondoa ukoga juu na chini ya ufizi, na kung'oa jino lililoharibika. Kukwangua meno paka akiwa macho hakufiki chini ya ufizi, penye ugonjwa. Antibayotiki pekee hutuliza kwa muda, lakini haziondoi chanzo. Paka aliyeng'olewa meno, hata yote, huweza kula chakula laini na kuishi vyema, ingawa uwindaji wake hupungua. Asiyekula kwa siku nzima apelekwe kwa daktari. Njaa ya siku chache yaweza kuharibu ini lake.

Haki zako kabla ya kulipa

Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inamtaka daktari wa wanyama awe amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Una haki ya kuuliza usajili huo, kuelezwa ugonjwa na gharama yote mapema, na kupewa risiti. Katika duka la dawa za mifugo, soma lebo: iwe imetaja paka, kipimo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Usikubali dawa iliyofungwa katika karatasi isiyo na jina.

Kinga

Mzoeze paka tangu udogoni kusuguliwa meno kwa mswaki laini na maji safi. Usitumie dawa ya meno ya binadamu, kwani paka huimeza. Tunashauri umkague kinywa kila juma, na umwonyeshe kwa daktari angalau mara moja kwa mwaka. Ukoga ukigunduliwa mapema, meno mengi huokolewa.