Taka za Krismasi: jinsi ndoo mbili jikoni zinavyopunguza mzigo wa Mwakirunge

Ikifika wiki ya tatu ya Desemba, mapipa ya taka katika mitaa mingi ya Mombasa hujaa kabla ya siku yake. Treni na mabasi huleta wageni kutoka bara, nyumba iliyozoea watu watano hulaza kumi, na jiko linalowashwa mara mbili kwa siku huwaka kutwa nzima. Hutoka maganda ya viazi na maembe, mifupa ya mbuzi, ukoko wa pilau, chupa za maji na soda, makumbi ya madafu, makatoni na nepi za watoto. Katika nyumba nyingi vyote hivyo hutiwa kwenye mfuko mmoja na kufungwa fundo. Kosa kubwa hufanyika hapo, kabla hata mfuko haujatoka mlangoni.

Sababu ni rahisi kuieleza. Chupa tupu iliyo safi ina mnunuzi. Chupa hiyo hiyo ikishalowa mchuzi hakuna anayeitaka. Katoni kavu huuzika, katoni iliyoloa huoza. Maganda ya ndizi ni chakula cha mbuzi na ni mbolea, lakini yakichanganyika na vipande vya plastiki na vigae vya glasi hayafai kwa lolote. Vitu ambavyo kila kimoja kilikuwa na kazi yake hugeuka uchafu kwa sababu tu vimewekwa pamoja, kisha hupakiwa kwenye lori na kusafirishwa hadi jaa la Mwakirunge, upande wa Kisauni. Mabaki ya chakula ni mazito kwa sababu ya maji yaliyomo, kwa hivyo sehemu kubwa ya mafuta ya lori hutumika kubeba maji ya maganda kutoka mtaa hadi jaani.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, imezipa kaunti kazi ya kuzoa na kutupa taka. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi yenye afya. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imekwenda hatua moja mbele: inataka taka zitenganishwe pale pale zinapotoka, zile zinazooza kando na zisizooza kando. Kwa mkazi wa kawaida, pale zinapotoka ni jikoni.

Ndoo na gunia

Vifaa vinavyohitajika ni vichache. Ndoo moja yenye kifuniko huwekwa karibu na mahali pa kumenyea na kuoshea vyombo, kwa taka mbichi: maganda, mabaki ya chakula, majani ya chai, maganda ya mayai. Ndoo ya pili, au gunia la mchele lililokwisha, huning'inizwa mahali pakavu kwa chupa, mikebe, makatoni na magazeti. Kinachobaki, kama nepi, pedi na pakiti za kreki zilizojaa mafuta, hutiwa kwenye mfuko wake mdogo, na huo ndio unaokwenda jaani. Familia inayofanya hivi kwa siku mbili tatu hushangaa jinsi mfuko huo wa mwisho unavyokuwa mdogo.

Changamoto ya Krismasi ni wageni. Mgeni hajui utaratibu wa nyumba na huona aibu kuuliza, basi hutupa alichonacho kwenye ndoo iliyo karibu. Ni afadhali mwenyeji aeleze siku ya kwanza, wakati wa kuonyesha bafu na mahali pa kulala. Watoto wakipewa kazi ya kulinda ndoo hizo huifanya kwa ukali kuliko mtu mzima yeyote. Katika ploti na majengo ya kupanga, utaratibu hauwezi kusimama bila mtunza nyumba kukubali kuweka mapipa mawili chini. Wapangaji wakilizungumza jambo hilo kabla ya sikukuu, kazi huwa nyepesi.

Taka mbichi zina njia nyingi za kwenda. Maganda ya matunda na mboga huliwa na mbuzi, kuku na bata, mradi yawe mabichi na yasiwe yameota ukungu. Mwenye uwanja Likoni, Kisauni au Changamwe anaweza kuchimba shimo la kina cha goti chini ya mwembe, akapanga maganda tabaka moja na majani makavu au vipande vya makuti tabaka jingine, na kugeuza kwa jembe kila wiki. Kwa joto la Pwani, mboji huwa tayari baada ya miezi miwili au mitatu. Wengi hukata tamaa shimo linapoanza kunuka. Harufu hiyo maana yake ni maji mengi na hewa kidogo, na dawa yake ni kuongeza majani makavu, maranda ya mbao au katoni iliyochanwachanwa. Nyama, samaki na mifupa visitiwe humo, kwa kuwa huvuta panya na paka. Anayeishi ghorofani Tudor au Ganjoni anaweza kutumia ndoo iliyotobolewa matundu, au akampa jirani mwenye kuku.

Mafuta yaliyokwisha kukaangia mahamri na viazi yasimwagwe kwenye sinki wala mtaroni. Yakipoa huganda, hushika uchafu mwingine na kuziba bomba. Yatiwe kwenye chupa yenye kifuniko.

Sufuria kubwa kupita kiasi

Hata hivyo, njia bora ya kupunguza mabaki ni kupika kiasi kinacholiwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lenye makao yake makuu Gigiri, Nairobi, lilikadiria katika ripoti ya mwaka 2021 kwamba chakula kinachotupwa majumbani Kenya ni karibu kilo 99 kwa kila mtu kwa mwaka. Kwa familia ya watu watano, hiyo ni karibu nusu tani.

Ni vigumu kumwambia mwenyeji wa Pwani apunguze chakula siku ya sikukuu. Sufuria ikiisha kabla ya mgeni wa mwisho kula ni fedheha, na hakuna tangazo la kaunti litakalobadilisha hilo. Linalowezekana ni kupanga. Kilo moja ya mchele wa pilau hutosha watu wanane hivi. Anayetarajia wageni ishirini hahitaji kilo sita, hasa ikiwa kuna chapati, biriani ya jirani na matunda. Chakula cha watoto kipakuliwe kidogo kwanza, waongezewe wakitaka. Kinachobaki kigawiwe kingali na moto, siku hiyo hiyo. Wali uliopikwa ukiachwa mezani saa nyingi katika joto la Desemba huota vijidudu ambavyo kupasha moto hakuondoi sumu yake, kwa hivyo uingizwe kwenye friji ndani ya saa mbili, au utolewe kwa majirani mapema.

Kinachonunuliwa na mwenye mkokoteni

Wanunuzi wa skrepa hupita mitaa mingi ya Mombasa na mizani yao. Chuma na alumini huuzika wakati wote: mikebe, sufuria zilizotoboka, vipande vya mabati. Plastiki hutofautiana. Chini ya chupa nyingi pana pembetatu ndogo yenye nambari. Nambari 1 ni chupa za maji na soda, na nambari 2 ni mitungi migumu kama ile ya mafuta ya kupikia na ya sabuni. Hizo mbili ndizo zinazotafutwa zaidi. Husagwa kuwa chembechembe na kutengenezwa upya kuwa nyuzi, ndoo, mabomba, hata nguzo za ua. Huko Lamu plastiki iliyookotwa ilitumika kuunda jahazi zima, Flipflopi, lililozinduliwa Septemba 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mwanzoni mwa 2019. Mafundi walitumia karibu tani 10 za plastiki, na mbavu za nje zikafunikwa kwa malapa mazee yapatayo 30,000.

Chupa isuuzwe kwa maji yaliyokwisha kuoshea vyombo, ikaushwe na kubanwa ili gunia lichukue nyingi. Soda ya chupa ya glasi ni bora zaidi kwa mwenye kununua kreti nzima, kwa sababu chupa hurudi kiwandani, huoshwa na kujazwa tena, na pesa za chupa hurudi mfukoni. Glasi iliyovunjika ifungwe kwenye gazeti na kuandikwa juu yake. Wanaookota taka Mwakirunge hufanya kazi kwa mikono, na kigae kimoja ndani ya mfuko mweusi humlaza mtu nyumbani wiki nzima bila kipato.

Karatasi za zawadi huleta utata kidogo. Ile inayong'aa kama fedha au yenye vumbi la kumetameta ina plastiki ndani yake na hairejelezwi. Kipimo chake ni kuifinyanga mkononi: ikibaki imekunjika ni karatasi, ikifunguka yenyewe ni plastiki. Bibi wengi wa Mombasa walikwisha kulitatua jambo hili zamani kwa kufunga zawadi ndani ya leso, na leso yenyewe ikawa sehemu ya zawadi. Betri za vitu vya kuchezea na taa za mti wa Krismasi zilizoungua zitengwe kwenye mkebe wenye kifuniko na kupelekwa kwa wanaokusanya taka za elektroniki. Zisitiwe na taka nyingine hata kidogo.

Kifuu kimoja cha maji

Kuna jambo moja la taka za Desemba ambalo ni zito kuliko mengine yote, na mara nyingi halihesabiwi kuwa jambo la taka. Katikati ya Desemba 2017 homa ya chikungunya ilizuka Mombasa. Kufikia mapema Februari 2018 zaidi ya visa 400 vilikuwa vimeripotiwa, vingi vikiwa vya kushukiwa. Jina la ugonjwa huo limetoka katika lugha ya Kimakonde, likieleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo, na maumivu hayo yanaweza kuendelea kwa miezi.

Chikungunya, kama dengi, huenezwa na mbu wa Aedes. Mbu huyu huuma mchana, kwa hivyo neti ya usiku peke yake haitoshi. Hahitaji ziwa wala bwawa. Kifuu cha dafu kilichotupwa nyuma ya nyumba, mkebe, kopo la mtindi, gurudumu la gari au kifuniko cha ndoo vyatosha, mradi vishike maji ya mvua ya vuli. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni siku saba hadi kumi hivi. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi na huangua maji yakirudi.

Ndiyo maana madafu, kinywaji cha sikukuu kwa wengi, yasiachwe yakirundikana. Yapasuliwe vipande viwili, yaanikwe na kutumika kuwa kuni. Makumbi yake huwaka vizuri yakikauka. Chupa na mikebe iliyotunzwa kwa ajili ya mnunuzi ikae chini ya paa. Kwa kuwa nyumba nyingi huweka maji kwenye madramu na mitungi, vyombo hivyo vifunikwe na kusuguliwa kwa ndani mara moja kwa wiki, kwa maana mayai hunata kwenye kingo.

Kuchoma taka uani si suluhisho. Moshi wa plastiki na nepi una sumu, na katika mitaa iliyobanana kama Majengo na Bangladesh huingia moja kwa moja dirishani kwa jirani mwenye mtoto mchanga au mgonjwa wa pumu.

Ufuoni na dukani

Siku ya pili ya Krismasi, familia nyingi hubeba chakula hadi ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, unaojulikana zaidi kama Pirates. Tangu tarehe 5 Juni 2020, chupa, sahani, vikombe, vijiko na mirija ya plastiki ya kutumika mara moja imepigwa marufuku katika fuo, misitu na mbuga zilizohifadhiwa. Vyombo vya nyumbani, chupa ya chuma na kikapu cha ukili vinatosha, na kila mtu arudi na alichokwenda nacho.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa bado ni haramu tangu tarehe 28 Agosti 2017, na msimu wa pilkapilka za ununuzi haukuondoa faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, kifungo cha mwaka 1 hadi 4, au vyote viwili. Aidha, Aprili 2024 mamlaka ya NEMA iliagiza kwamba mifuko ya kutilia taka zinazooza iwe ile inayooza yenyewe kabisa. Aliye na ndoo yenye kifuniko inayooshwa kila siku hana haja ya mfuko kwa taka hizo.

Mwaka mpya ukiingia, rundo jingine hutokea shule zinapokaribia kufunguliwa: madaftari ya mwaka uliopita. Karatasi safi kama hizo zina soko, na kurasa zisizoandikwa zinaweza kushonwa pamoja kuwa daftari la mazoezi la mtoto mdogo. Yasiuzwe kwa kufungia mandazi, kwani wino huingia kwenye mafuta.