Nyota, namba, reli

Je, wajua kwamba unapopiga *150*00# kutazama salio lako la M-Pesa Tanzania, hutumii intaneti hata chembe? Hutumii SMS pia. Wala si simu ya sauti, ingawa umebonyeza kitufe kilekile cha kijani. Kinachofanya kazi ni USSD, huduma iliyowekwa ndani ya mfumo wa GSM tangu miaka ya 1990, wakati simu ya mkononi ilikuwa mzigo wa wenye nazo na hakuna aliyeifikiria kuwa pochi.

Naandika programu; ndiyo kazi inayonilisha. Wenzangu wakianza ubishi wa lugha ipi ya kompyuta ni bora, au simu ipi ina kamera kali, mimi nina jibu moja linalowachekesha: chombo kilichoundwa vizuri kuliko vyote tunavyovitumia ni hicho chenye kisanduku cha kijivu na orodha ya namba. Hakipakuliwi. Hakiombi kusasishwa. Hakitaki barua pepe yako wala ruhusa ya kusoma majina uliyohifadhi. Kinakwenda sawa kwenye simu ya milioni mbili na kwenye kitochi chenye kioo kilichopasuka. Nokia 1100, ile yenye tochi iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya nakala milioni 250, inakifungua bila taabu.

Siri iko kwenye njia kinayopita. Kila mtandao wa simu una njia za ishara, ambazo minara hutumia kwa mambo yake yenyewe: kujua simu yako iko wapi, kuiamsha inapopigiwa, kupanga mazungumzo yaanze na yaishe. USSD imedandia humo. Ndiyo maana bando likiisha menyu bado inafunguka, na ukiwa kijijini ambako intaneti inasuasua, mradi kuna vijiti viwili vya mtandao unatuma pesa. SMS ni barua iliyoachwa kwa jirani, utaikuta ukirudi. USSD ni watu wawili wanaozungumza mlangoni, mmoja akiondoka mazungumzo yamekwisha. Hakuna kinachohifadhiwa njiani. Ukichelewa kujibu, mtandao unafunga kikao, na muda wenyewe unahesabiwa kwa sekunde. Mzee anayetafuta miwani yake kwanza ataanza upya kila mara, na hapo lawama ni yetu sisi tunaotunga menyu ndefu.

Menyu ndefu zina gharama hasa. Ujumbe mmoja wa USSD una baiti 160, yaani biti 1,280. Alfabeti ya GSM hutumia biti 7 kwa kila herufi, kwa hiyo ukigawanya unapata herufi 182, nafasi zikiwemo. Basi. Ukiandika “Tafadhali ingiza namba yako ya siri ili kuthibitisha muamala huu” umekula 64, zaidi ya theluthi ya ukurasa, na bado hujasema kiasi wala jina la anayepokea. “Namba ya siri:” ni 14. Kazi ya kupunguza maneno mpaka kila moja liwe na sababu ya kubaki ndiyo iliyonifundisha kuandika, kuliko mwalimu yeyote.

Kuna mtego mwingine ambao wanaoandika kwa Kiswahili wanastahili kuujua. Kiswahili kimebahatika: herufi zake zote zimo kwenye alfabeti hiyo ya biti 7, pamoja na king'ong'o cha ng'ombe, kama kimeandikwa kwa alama iliyonyooka. Lakini programu za ofisini hupenda kuipinda alama hiyo ili ipendeze. Iliyopinda haimo kwenye alfabeti ya GSM. Ikiponyoka na kuingia kwenye menyu, ujumbe mzima huhamia mfumo wa biti 16 kwa herufi, na zile 182 zinashuka kuwa 80. Menyu ya wafugaji iliyopita majaribio yote inakatwa katikati kwa sababu ya nukta moja yenye mkia juu ya ng'ombe.

Vitufe vyenyewe, nyota na reli, vina umri mkubwa kuliko wengi wetu. Simu za kwanza za kubonyeza zilipouzwa Marekani mwaka 1963 zilikuwa na vitufe kumi tu. Hivi viwili viliongezwa mwaka 1968, vikiwa vimewekwa akiba kwa huduma za baadaye. Huku kwetu ndiko vilikopata kazi ya kutwa nzima.

Kwa upande wa mwandika programu, mambo ni mepesi kiasi cha kutilia shaka. Ukitumia huduma ya Africa's Talking ya Nairobi, kwa mfano, seva yako inaletewa namba ya kikao, namba ya simu ya mteja, na alichokwisha kuchagua, kikiwa kimeunganishwa kwa nyota: 1*2*5000. Unajibu kwa maandishi matupu yanayoanza na CON kama mazungumzo yanaendelea, au END kama yamekwisha. Mwanafunzi mwenye nia anaweza kujenga huduma inayofanya kazi kwa siku moja. Halafu ataumiza kichwa wiki nzima akipanga kipi kiwe namba 1 na kipi kifichwe chini ya “Zaidi”. Nikiona tangazo limewekwa juu ya menyu, mbele ya “Tuma pesa”, najua aliyeamua hakuwahi kusimama kwa wakala nyuma ya foleni.

Si kila chenye nyota na reli ni USSD, lakini. *#06#, inayokuonyesha namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15, haitoki nje ya simu yako kabisa. Inafanya kazi hata bila laini. Watanzania wengi waliifahamu mwaka 2016, pale Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipotangaza kuzima simu bandia na kila mtu akataka kujua kama yake ni halali.

Kuhusu usalama nitasema wazi, maana kupenda kitu si kukifichia aibu. Ulinzi wa mazungumzo ya 2G kati ya simu na mnara ni wa zamani na umeshavunjwa na watafiti. Zaidi ya hapo, kwenye simu nyingi namba ya siri inaonekana kwenye kioo unapoiandika, na aliye kiti cha nyuma kwenye daladala anaisoma bila kuhitaji utafiti wowote. M-Pesa ya Kenya, ilipoanza Machi 2007, ilipita njia nyingine: menyu ilikaa ndani ya laini yenyewe na ujumbe ukafungwa kwa ufunguo uliomo humo. Ni salama zaidi, ila kubadili menyu iliyomo ndani ya laini za watu ni kazi ngumu. Ya USSD naibadilisha kwenye seva asubuhi na nchi nzima inaiona mchana.

Jambo moja linaniweka macho. Kama una simu janja, piga menyu yoyote kisha tazama pembe ya kioo: mara nyingi alama ya 4G itageuka kuwa 3G au hata E, kisha itarudi ukimaliza. Simu imeshuka kwenye mtandao wa zamani kwa ajili ya USSD, halafu imepanda tena. Njia ya kuipitisha kwenye 4G moja kwa moja ipo, ila mtandao na simu lazima vyote viwili viikubali. Kitochi cha 2G hakina pa kupandia. Telstra ya Australia ilizima 2G Desemba 2016, na Singapore ikafuata mwaka 2017. Huko hakuna aliyekuwa akilipa ada ya shule kwa kisanduku cha kijivu. Kwa hiyo vijana wakiniuliza nafuatilia teknolojia gani mpya, wakitegemea nitaje akili mnemba, nawaambia nafuatilia ratiba ya kuzima 2G.